Mwalimu aliyezuia alama: tunajuaje kama kuhalalisha bangi kumeleta madhara?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Juzi kidato cha tano walikuwa na mdahalo, mada "Bangi ihalalishwe". Waunga mkono walisoma takwimu kwamba kule Colorado, Marekani, vijana hawakuongezeka kuvuta baada ya maduka kufunguliwa. Wapingaji wakasoma kwamba jimbo la Washington madereva waliokutwa na bangi kwenye ajali za vifo waliongezeka maradufu. Mimi ndiye nilikuwa jaji, nikashindwa kutoa alama, nikawaambia nitarudi. Nani mkweli? Watafiti hulichunguzaje jambo hili, na sisi huku Nyanda za Juu Kusini tunaweza kulichunguza? Halafu mwanafunzi mmoja alinifuata pembeni akaniambia kaka yake, dereva wa bodaboda, anavuta tangu darasa la saba na siku hizi anasikia sauti. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mwalimu. Nianze na huyo kijana wa bodaboda, maana yeye hawezi kusubiri mdahalo. Kama sauti anazosikia zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au kama amekesha siku kadhaa na hagusi chakula, apelekwe hospitali leo hii. Mengine juu yake nitayasema mbele.

Kuhusu alama, ulifanya vizuri kuzizuia. Pande zote mbili zilisoma takwimu za kweli, ndiyo maana ukakwama. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhesabu magonjwa na majeruhi katika mikoa yetu hii. Kila nikiletewa takwimu ya bangi nauliza kwanza: kabla ya hapo hali ilikuwaje, na aliyeandika alikuwa anamuuliza nani? Majibu yakikosekana, takwimu hiyo siigusi.

Kuna neno la kunyoosha kwanza, nalo ni "kuhalalisha". Ukipanda gari la Kyela utasikia abiria wakisema Malawi wamehalalisha bangi. Sheria ya Malawi ya mwaka 2020 inaruhusu kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Kuvuta kijiweni hakumo. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akitumia faragha asishtakiwe, lakini haikufungua maduka. Uruguay ilipitisha sheria Desemba 2013, serikali ikashika usukani wa biashara yote, na maduka ya dawa yakaanza kuuza Julai 2017. Canada ilianza 17 Oktoba 2018. Colorado wananchi walipiga kura Novemba 2012, na 1 Januari 2014 maduka yakafunguliwa, yenye matangazo, pipi, vinywaji na ushindani wa bei. Kwetu, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima, kuuza na kutumia vyote ni makosa. Kwa hiyo matokeo ya Colorado ni matokeo ya biashara ya wazi. Ukiyabeba ukaenda kuyabandika Lilongwe au Johannesburg, umeshakosea kabla hujaanza.

Sasa madereva. Washington nako walipiga kura 2012, na maduka yakafunguliwa Julai 2014. Uchambuzi uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa madereva waliohusika katika ajali za vifo, waliokutwa na THC, yaani ile kemikali ya bangi inayolewesha, walipanda kutoka kama asilimia 8 mwaka 2013 hadi 17 mwaka 2014. Hiyo ndiyo "maradufu" ya wanafunzi wako.

Fikiria lori limepinduka kwenye mteremko wa Iwambi, na dereva yuko hai. Kama amekunywa pombe, trafiki anampulizisha kipima ulevi, na namba inayotoka inaendana vizuri na jinsi alivyolewa, kwa sababu pombe huingia kwenye damu na kutoka kwa mwendo unaotabirika. Bangi haiendi hivyo. THC hupenda mafuta. Mtu akivuta, kiwango chake kwenye damu hupaa ndani ya dakika chache, kisha hushuka haraka katika saa moja au mbili wakati kichwa chake bado hakijatulia. Halafu inajificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja kidogokidogo. Mvutaji wa kila siku aliyevuta Ijumaa jioni anaweza kukutwa nayo Jumatatu asubuhi akiwa timamu kabisa. Na aliyevuta muda mfupi kabla ya kuanza kushuka Kitonga anaweza kutolewa damu saa tatu baadaye ikaonekana kidogo tu. Colorado na Washington ziliweka kikomo cha nanogramu 5 kwa mililita ya damu, lakini uchambuzi mwingine wa 2016 ukakuta namba hiyo haimtenganishi vizuri aliyelewa na asiyelewa. Kipimo kinakuambia dereva amewahi kuvuta. Kama bangi ndiyo iliyomfanya achelewe kukanyaga breki, kipimo hakijui.

Tena kuna mtego wa pili. Watu wa Mwanjelwa wakianza kula maparachichi mara mbili ya zamani, utayakuta pia kwenye matumbo ya majeruhi wengi zaidi. Bidhaa ikienea mtaani, inaenea na kwa wanaopata ajali, hata kama haijasababisha ajali moja.

Njia iliyo imara zaidi ni kuachana na damu na kuhesabu ajali zenyewe, zote, kabla na baada, kisha kuzilinganisha na majimbo ambayo hayakubadili sheria. Uchunguzi mmoja wa namna hiyo uliotoka 2022, uliohusisha majimbo matano ya magharibi mwa Marekani, ulikuta ajali za majeruhi zimepanda kwa karibu asilimia 6 na za vifo kwa karibu asilimia 4 baada ya kuhalalisha na kufungua maduka, lakini jimbo na jimbo zilitofautiana, nyingine zikipanda na nyingine zikishuka. Kwa hiyo wapingaji wako hawakusema uongo, ila walichukua takwimu dhaifu wakaacha iliyo na nguvu, na iliyo na nguvu inaonyesha ongezeko dogo zaidi. Wasije wakaelewa kwamba kuvuta na kuendesha ni salama. Jopo la chuo cha kitaifa cha sayansi cha Marekani lililopitia tafiti zaidi ya elfu kumi na kutoa ripoti Januari 2017 lilisema wazi kwamba kuvuta bangi kabla ya kushika usukani huongeza hatari ya ajali. Ukichanganya na pombe, hatari hiyo huongezeka zaidi. Hilo ni jambo la dereva mmoja na misokoto yake. Athari ya sheria kwa jimbo zima ni swali la pili, na watu huyachanganya kila siku.

Hilo la kulinganisha ndilo ningependa wanafunzi walishike kuliko yote. Chukua Kyela na Karonga. Mto Songwe unawatenga, lakini ziwa ni moja, mchele uleule, na Wanyakyusa na Wangonde wanasikilizana wakizungumza. Tuseme kesho Malawi wafungue maduka ya bangi, na mwaka unaofuata vijana wanaofikishwa hospitali ya Karonga wamechanganyikiwa wakaongezeka. Je, ni maduka? Kama Kyela nako wameongezeka kiasi kilekile, huenda ni ukosefu wa kazi, au pombe mpya ya kwenye chupa za plastiki, au daktari wa akili aliyehamia na kuanza kuandika vizuri. Bila Kyela huwezi kujua. Na hata Kyela haitabaki safi, maana mzigo utavuka mto. Yalitokea Marekani: Desemba 2014 Nebraska na Oklahoma, majirani wa Colorado, walikwenda Mahakama Kuu ya nchi wakilalamika kwamba bangi ya jirani inamwagikia kwao. Mahakama ilikataa kuisikiliza kesi Machi 2016. Mtafiti aliyewatumia majirani hao kama kipimo cha "wasiobadilika" alikuwa na tatizo mkononi.

Kuna kisa kimoja kilichonifunza kutokimbilia hitimisho. Mwaka 2014 ulitoka utafiti ulioangalia majimbo ya Marekani yaliyoruhusu bangi kama dawa kati ya 1999 na 2010. Ulikuta vifo vya kuzidisha dawa kali za maumivu, zile za jamii ya morfini, viko chini kwa karibu asilimia 25 katika majimbo hayo. Habari ikaenea dunia nzima: bangi inaokoa maisha. Wabunge wakaitumia, wenye maduka wakaitumia. Mwaka 2019 watafiti wengine wakachukua njia ileile, hesabu zilezile, wakarefusha tu miaka hadi 2017. Jibu likageuka: majimbo yenye sheria hiyo yalikuwa na vifo zaidi, kwa karibu asilimia 23. Waandishi wa mara ya pili hawakusema kwamba sasa bangi inaua. Walisema kwamba pengine haikuwa na uhusiano na vifo hivyo tangu mwanzo, kwamba majimbo yanatofautiana kwa mambo mengi. Nilipousoma nilikuwa nimeshaufundisha ule wa kwanza kwa wanafunzi wangu kwa kujiamini kabisa. Nilirudi darasani kuwaambia.

Ya vijana wa Colorado nitayapita haraka. Katika dodoso la shule zao, kama mwanafunzi mmoja kati ya watano wa sekondari alisema amevuta ndani ya siku 30, na hali ilibaki karibu hivyo kuanzia 2013 hadi 2019. Mwaka 2021 ikashuka hadi asilimia 13, mwaka wa Uviko, watoto wamefungiwa nyumbani. Waunga mkono wako wana haki hapo, ila dodoso la shule halimhesabu aliyekwishaacha shule. Na asilimia hiyo peke yake haionyeshi "umevuta nini, mara ngapi?"

Hilo "nini" ndilo linaloninyima usingizi. Bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC kama asilimia 4. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12, na dukani leo kuna vilivyokamuliwa vyenye asilimia 60 na zaidi. Kwetu nako jina la skanka, yaani bangi kali, limeshakuwa la kawaida kwenye taarifa za ukamataji, na vijana wanajua tofauti yake na jani la kawaida. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, wenye wagonjwa 901 waliokuwa wamepatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza, yaani kuona au kusikia visivyokuwepo na kuamini visivyo kweli, ulikuta wavutaji wa kila siku wana uwezekano mara 3 na ushei wa kuwa miongoni mwa wagonjwa kuliko wasiovuta kabisa, na wavutaji wa kila siku wa ile kali karibu mara 5. Wapo wanaojibu kwamba mtu anayeanza kuumwa huvuta ili atulie, na kwamba damu ya ukoo ina mchango. Ni kweli, yote mawili. Hata hivyo, mimi sioni jinsi ya kuielezea tofauti ya kali na dhaifu kwa hoja hizo peke yake.

Na pipi. Colorado, mwanzoni, peremende na keki zenye bangi ziliuzwa zikifanana na za kawaida. Baadaye wakalazimisha kila kipande kisizidi miligramu 10 za THC, vifungashio visivyofunguliwa na mtoto kirahisi, na kuanzia Oktoba 2017 wakapiga marufuku pipi zenye umbo la mnyama au tunda. Vituo vya Marekani vinavyoshughulikia sumu vilipokea taarifa 207 za watoto chini ya miaka 6 waliokula bidhaa za namna hiyo mwaka 2017. Mwaka 2021 zilikuwa 3,054. Kati ya takwimu zote za kuhalalisha, hii ndiyo iliyo vigumu kuipinga, maana mtoto wa miaka mitatu hafichi, hadanganyi kwenye dodoso, na hakuwa mvutaji kabla.

Sasa kwetu. Miaka ya nyuma niliketi siku tatu katika stoo ya hospitali moja ya huku kusini nikifungua madaftari ya MTUHA, yaani ya kumbukumbu za huduma za afya, ya wagonjwa wa nje, yale makubwa yenye mistari inayokatika kurasa mbili, mengine yameliwa na panya pembeni. Nilikuwa natafuta neno "bangi". Nikakuta, kwa kalamu ya bluu: kijana, miaka 22, konda, "kuchanganyikiwa, bangi". Mistari michache chini yake, mwandiko uleule, siku ileile: msichana, miaka 20, mwanafunzi, "kuchanganyikiwa, msongo wa mawazo". Hakuna kati yao aliyepimwa mkojo. Aliyeandika alikuwa bado anafanya kazi pale, nikamfuata. Msichana aliulizwa kuhusu bangi? Hapana. Na kijana? Hakuulizwa pia. Akaniambia bila kuficha, "Daktari, yule alikuwa na rasta."

Mwalimu, hiyo ndiyo hali yetu ya "kabla". Siku sheria ikibadilika, na wizara ikaagiza kila mgonjwa wa akili aulizwe kuhusu bangi, namba itaruka mara tatu kwa usiku mmoja bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka, na magazeti yatalia. Colorado walilijua hili. Bunge lao liliagiza mwaka 2013 athari zote zichunguzwe, na ripoti ya kwanza, Machi 2016, ikakiri kwamba takwimu za kabla hazitoshi, na kwamba watu wakiacha kuona aibu husema ukweli zaidi, jambo linalofanana sana na ongezeko. Wao walikuwa na kompyuta kila hospitali.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la tatu ni ndiyo, na wakati wa kuanza ni huu ambapo sheria haijabadilika na huenda isibadilike kamwe. Daktari au muuguzi amuulize kila aliyechanganyikiwa, msichana na mvulana, mwenye rasta na mwenye tai: unavuta, tangu umri gani, mara ngapi kwa wiki, ya kawaida au skanka, na pombe je. Majeruhi wa bodaboda na wa malori waulizwe vivyo hivyo kitandani, na panapowezekana sampuli ichukuliwe ndani ya saa mbili na muda uandikwe. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo hapahapa. Mkoa wa Mbeya pekee ulikuwa na watu milioni 2.3 katika sensa ya 2022, na barabara kuu ya Tunduma inapita katikati yake. Kinachokosekana ni safu moja kwenye daftari na mtu wa kuijaza bila kuangalia nywele za mgonjwa.

Shuleni ni vigumu zaidi, maana nani atamwambia mwalimu kwamba anavuta, na ni kosa la jinai? Ipo mbinu nzuri ya sarafu. Mwanafunzi anarusha shilingi 200 mwenyewe, chini ya dawati. Ikitokea Karume, anaandika "ndiyo" hata kama hajawahi kuiona bangi. Ikitokea simba, anaandika ukweli. Karatasi haina jina. Tuseme wanafunzi ni 200. Kama mia watapata Karume na kuandika ndiyo. Ukikuta ndiyo 120, basi katika mia waliobaki, kama 20 wamevuta. Umelijua darasa, na hakuna anayejua karatasi ya nani ni ya kweli, hata wewe. Ila usifanye peke yako kesho asubuhi. Utafiti kwa watoto unahitaji kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya wazazi. Wanafunzi wafanyie mazoezi kwa swali jepesi, kama nani alikuja bila kunywa chai.

Na alama zako: ningezitoa kwa upande utakaokubali kurudi na kueleza takwimu yao ilipimwaje.

Nirudi kwa kaka wa mwanafunzi wako. Kuanza mapema kunaongeza hatari: kati ya wanaojaribu bangi, kama 9 katika 100 hunasa, na wakianza ujanani hufika kama 17. Mwambie mdogo wake asimvizie kumnyang'anya misokoto wala kubishana naye kama sauti zipo au hazipo. Kwake zipo. Amuulize tu zinasema nini, zilianza lini, na kama analala. Asifungwe kamba. Apelekwe kituo cha afya au moja kwa moja kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na ndugu anayeaminiwa naye aende. Familia nyingi hupitia kwanza kwa mganga au kwenye maombi. Maombi siyakatazi, ila yaende sambamba na dawa, kwa sababu kila mwezi saikosisi inapokaa bila tiba, kupona kunakuwa kugumu zaidi.

Akiacha, wiki ya kwanza atakuwa mkali, atakosa usingizi, jasho litamtoka usiku. Hupungua baada ya kama wiki mbili, nyumbani walijue hilo wasidhani anazidiwa. Dawa maalumu ya kumwachisha bangi, kama methadoni kwa wa heroini, haipo. Kuna ushauri nasaha wa kurudiarudia na dawa za kutuliza saikosisi. Na pikipiki aiache kwanza, mpaka daktari aseme.

Wakifika watamuuliza kuhusu bangi. Aseme yote, na tangu darasa la saba. Siri ya mgonjwa inabaki kati yake na anayemtibu.